Kabla Hamjauza Kiwanja kwa Ajili ya Seli Shina

Kaka yangu alirusha kwenye grupu la familia picha mbili za mguu, mmoja una kidonda cheusi, mwingine umepona, na chini yake bei ya dola. Kliniki ya nje ya nchi. Wanavuta uboho kwenye mfupa wa nyonga, wanachuja seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), wanazidunga kwenye shavu la mguu ili ziote mishipa mipya ya damu. Haikupita saa moja, mjomba akaandika: "Kiwanja cha Kigamboni kipo. Tuuzeni."

Mama ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Kidonda kilianzia kidole gumba, lengelenge tu la kiatu kipya cha harusini. Usiku alikuwa anauning'iniza mguu nje ya kitanda, anasema akiulaza kitandani unamuuma. Sisi tukadhani ni joto. Kumbe mguu ulikuwa unaomba damu, na damu hushuka kirahisi ukining'inia. Mkimwona mzee wenu wa sukari analala hivyo, msingoje kidonda kinuke kama tulivyongoja sisi. Mpelekeni.

Mimi nauza vifaa vya umeme Kariakoo, udaktari siujui. Nilichojifunza nimekipata kwenye mabenchi ya kliniki, na kwa mama mmoja daktari wa mishipa ambaye alikuwa na subira na maswali yangu. Siku ya kwanza alimfunga mama mkanda wa presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akasikiliza kwa kile kimashine kinachovuma shwaa, shwaa. Mkono 140, mguu 84. Akagawa: 0.6. Chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeziba mahali. (Kwa wenye kisukari mshipa unaweza kukakamaa hadi kipimo kitoke kizuri kwa uongo, ndiyo maana alipima na presha ya kidole cha mguu.)

Nikamwonyesha tangazo la kaka. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniambia mwaka 1997 Takayuki Asahara na Jeffrey Isner, wakifanya kazi Boston, walieleza kwamba kwenye damu ya mtu mzima zimo seli zinazoweza kusaidia kujenga mishipa, na mwaka 2002 Wajapani wakachapisha matokeo ya kudunga seli za uboho kwenye miguu ya wagonjwa, yakawatia watu moyo. Kisha akauliza: "Mwanangu, wastani wa sukari yake wa miezi mitatu ni ngapi?"

Ilikuwa asilimia 11.2, juu mno.

"Basi hizo seli mnazotaka kwenda kuzivuta, zimelelewa ndani ya sukari hiyo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa habari ya homoni. Nilikuwa nikiijua insulini kama dawa ya kushusha sukari, basi. Kumbe ni homoni, yaani tarishi wa mwili. Inagonga kwenye ukuta wa ndani wa mshipa, na ukuta huo unatoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo inaulegeza mshipa ili damu ipite. Gesi hiyo hiyo inatakiwa kule kwenye uboho ili seli za ukarabati ziachiwe kutoka. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, tarishi anagonga mlango hausikii. Seli zinatoka chache, na hizo chache ni goigoi: watafiti wa Marekani walizikuza maabara seli za wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili mwaka 2002, zikazaana polepole na kushikana vibaya zikilinganishwa na za watu wazima wa afya. Ni kama kupeleka mafundi saiti huku simu ya msimamizi haipatikani. Watakaa kwenye mchanga wanacheza bao.

Tena seli nyingi zinazodungwa hazigeuki kuwa mshipa wenyewe. Kazi yake kubwa ni kutoa vichocheo vya kuziamsha seli za pale pale. Kwa hiyo hata ukizileta nzuri, mguu wenyewe lazima uweze kusikia. Uholanzi walifanya jaribio la heshima, wagonjwa 160, nusu wakipewa seli za uboho na nusu dawa bandia isiyo na seli, ya kulinganishia tu, matokeo yakatoka 2015: waliopewa seli hawakunusurika kukatwa miguu zaidi ya wenzao. Tangazo la kaka halikugusa hilo.

Shangazi naye akasikia kwamba estrojeni, homoni ya kike, inaongeza seli hizi kwenye damu, jambo ambalo ni kweli, na ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini mishipa ya mwanamke huwa na ahueni kabla hajakoma hedhi. Akataka mama anunuliwe vidonge. Jamani! Utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi ulisimamishwa mwaka 2002: waliomeza estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike ya kutengenezwa, walipata kiharusi na damu kuganda zaidi. Eritropoietini, homoni ya figo wanayodungwa wagonjwa wa dayalisisi, nayo husukuma seli kutoka kwenye uboho, lakini ikizidi damu inakuwa nzito. Homoni si vitamini.

Kama bado mnaitaka tiba ya seli, ulizeni kama ni utafiti uliosajiliwa na wenye kibali cha kamati ya maadili. Kwenye utafiti wa kweli mgonjwa kwa kawaida hauziwi dawa inayojaribiwa. Ulizeni watafanya nini na sukari, tezi ya shingo na figo kabla ya kuvuta hizo seli. Mimi nilipiga simu kliniki ile nikauliza hilo la sukari tu. Msichana wa mapokezi akanitajia punguzo la bei.

Mama alipanuliwa mshipa kwa puto. Kidole gumba kilikatwa, sitaficha. Insulini ilipangwa upya, jioni tukawa tunatembea hadi msikitini na kurudi, na mazoezi pia yanaziamsha seli zile zile bure. Kidonda kilifunga mwezi wa saba. Kiwanja kipo, jirani amepanda migomba bila kuomba.

Juzi kaka katuma tangazo la kliniki nyingine. Mama akamjibu kwa sauti: "Baba, stripu za kupimia zimeisha tangu jana. Niletee hizo kwanza."