Mtoto yuko mwaka wa kwanza Lubumbashi na simwelewi: jibu kwa Baba wa Likasi

Jambo Baba. Nimesoma maswali yako mara mbili. Kijana wako anasoma uchumi mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, anapanga chumba upande wa Kasapa na wenzake wawili. Kila juma anaomba makuta, yaani pesa. Ukimpigia asubuhi jua limeshapanda, unamkuta kitandani. Semesta ya kwanza amekuletea 11 juu ya 20, na sekondari alikuwa anarudi na 74%. Unauliza kama unachezewa, na kama uje kumwona dekani, mkuu wa kitivo chake.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba moja ya Katuba, hapahapa Lubumbashi. Nilisoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mfumo wa zamani, wadogo zangu wawili wakaingia kwa huu mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta), na kazi ya kuwaelezea wazazi ikaniangukia mimi. Kwa hiyo nayajua maswali yako. Nyumbani kwetu yaliulizwa kwa sauti kubwa zaidi.

Tuanze na hizo pointi. Siku mdogo wangu alipoleta matokeo yake ya kwanza, baba alivaa miwani, akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya risiti: 11,4 juu ya 20 ni 57%. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia mama: "Huyu ameanza kunywa." Mtoto alikuwa hajanywa kitu. Alikuwa amefaulu. Chuoni kwetu, tangu zamani, 50% umepita, 70% ni distinksioni, yaani kufaulu kwa sifa, na darasa la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi, wenye distinksioni unaweza kuwahesabu kwa vidole. Ile 74 ya sekondari ilipimwa kwa mizani nyingine, na mwalimu aliyeitoa alimjua mtoto kwa jina. Huku profesa hamjui, na asistanti anasahihisha makaratasi rundo kwa rundo.

Tena kwa LMD, asilimia siyo habari ya kwanza. Habari ya kwanza ni krediti, zile alama za kozi ambazo mtoto anazihesabu akishafaulu kozi. Semesta moja ina 30, mwaka mzima 60, na lisansi nzima ni 180. Mwanao anaweza kuwa na wastani wa 11 na bado ana kozi mbili zimebaki nyuma, au akawa na 10 na nusu na krediti zake zote ziko mfukoni. Kwa hiyo muulize hivi: "Umepata ngapi kati ya 30? Zilizobaki ni za kozi gani, na zinarudiwa sesioni ipi ya mitihani?" Mtoto anayesoma atajibu papo hapo, kwa sababu hilo ndilo linalomnyima usingizi. Anayekudanganya ataanza kukuelezea ubaya wa profesa.

Jambo moja zaidi hapo, maana limeshavunja amani kwenye nyumba nyingi. Sisi wa zamani tulisoma gradua, diploma ya kwanza ya chuo, miaka mitatu, halafu lisansi miaka miwili. Mfumo mpya ulipoanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi yenyewe ikawa miaka mitatu, na masta miwili baada yake. Mwanao akikwambia baada ya miaka mitatu kwamba amemaliza lisansi, usidhani ameruka darasa. Akisema anataka masta, usidhani anaogopa kutafuta kazi. Ni ile miaka mitano yetu, imegawanywa vingine.

Sasa makuta. Hapa Baba nitakaa kidogo.

Najua ndugu zako waliosoma enzi za UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, wanakwambia wao walipewa buruse, pesa ya serikali ya kusomea, walikula kwenye restora ya chuo, na huyu wa leo anakula pesa yako bure. Kwa wakati wao wanasema kweli. Ila hiyo dunia imekwisha. Leo mzazi ndiye buruse. Kuna ada ya masomo inayolipwa kwa vipande. Kuna kulipia kuandikishwa kabla ya kila sesioni ya mitihani, na asiyelipa jina halionekani kwenye orodha, hata kama amesoma usiku kucha. Kuna silabusi za kozi, na fotokopi pale asipoweza kununua yenyewe. Kuna TP, kazi anayopewa na mwalimu, ya kupiga kwenye kompyuta na kuchapisha, mara nyingi siku moja kabla ya kuitoa. Kuna mega za intaneti, kwa sababu kundi la darasa liko WhatsApp na tangazo la kubadilisha saa ya mtihani linapita huko, na wakati mwingine haliendi kwingine. Halafu taksibasi, makala ya kupikia (mkaa), unga.

Ubaya wenyewe uko kwenye namna ya kuomba na ya kutoa. Mtoto anaona aibu kukutajia kiasi chote, anakimega: leo faranga elfu kumi za silabusi, Alhamisi elfu tano za TP. Wewe unaona mtu asiyeshiba. Unachelewa kutuma ili ajifunze kubana, naye anakopa kwa mwenzake. Ukituma, pesa inalipa deni na silabusi haijanunuliwa, anaomba tena. Nyumbani tulimaliza ugomvi huo kwa daftari la kawaida la shule. Mwanzo wa semesta mdogo wangu alikuja Jumapili baada ya misa, tukakaa mezani na baba na mama. Akaandika upande mmoja yale yenye tarehe: kipande cha ada, kuandikishwa, kodi ya chumba. Upande wa pili yale ya kila juma. Baba akasema wazi: hiki nitaweza, hiki sitaweza, hiki subiri pensheni itoke. Siku hiyo mtoto alijua kwa mara ya kwanza kiasi cha pensheni ya baba yake. Tangu hapo hakuomba vipande vipande, na baba hakuuliza tena "elfu tano za nini?" Alikuwa anafungua daftari.

Vile vyenye tarehe, Baba, lipa kwanza hata kama bukari, ugali wetu, itapungua. Vya kila juma vinaweza kuyumba, mtoto atachangia sufuria moja na wenzake, wote wanafanya hivyo. Lakini kuandikishwa kukipita, kumepita. Na ukilipa ada, dai picha ya risiti ya benki siku ileile. Huko siyo kumshuku mtoto. Risiti inapotea, na anayekuwa na nakala ndiye anayesikilizwa.

Mama yetu alikuwa na njia yake. Badala ya makuta alipeleka unga, makala na samaki wakavu. Kutoka Likasi mpaka hapa ni kama kilomita 120, basi linafika mchana, mtoto analisubiri stesheni. Nakushauri hiyo. Unga hauombwi mkopo kirahisi kama pesa ya simu.

Kuhusu kulala asubuhi. Mambo mawili. Moto wa umeme ukikatika jioni, wengi wanasoma unaporudi, na mara nyingi unarudi usiku wa manane. Pia ratiba ya chuo haifanani na ya sekondari. Profesa akitoka mji mwingine, anaweza kufundisha kozi nzima kwa juma moja au mawili, asubuhi hadi jioni, halafu anapanda ndege anaondoka. Baada yake siku kadhaa hakuna somo. Na maprofesa wakigoma, siku zinakuwa majuma. Ndiyo maana mwaka unaanza mwezi huu na unakwisha mwezi ambao hakuna aliyeutaja. Lakini sikufichi: wapo pia wanaolala tu. Muulize jana walifundishwa nini, akueleze kama anavyomweleza mtoto wa sekondari. Baba yangu hakupita chuo, lakini alikuwa anamsikiliza mtu akieleza bei na soko, anamkatiza: "Hapo umenipoteza." Na mara nyingi alikuwa na haki.

Wenye mabinti wanaosoma uzi huu, neno moja. Binti akikwambia asistanti fulani anamwomba "waonane" kabla ya kutoa pointi, usianze kwa kumuuliza alivaa nini. Ukianza hapo, hatakwambia tena jambo lolote, na pointi za kitandani zinaendelea kwa sababu ya ukimya huo. Mwambie aweke ujumbe wote, mwende wawili au watatu kwa mkuu wa idara. Na binti anayekaa nyumbani, majuma ya blokusi, yale ya kujifungia kusoma kabla ya mitihani, mpunguzieni kazi za sokoni na jikoni. Kaka yake hapiki wakati wa mitihani, naye asipike.

Swali lako la mwisho, la kuja kwa dekani. Njoo Baba, ila dekani mwache. Chuo hakina mkutano wa wazazi wala buletini ya kusaini, na dekani hatakuwa na la kukwambia juu ya kijana mmoja kati ya mamia. Atakayekuaibisha zaidi ni mtu wa pembeni atakayejitolea "kupanga" pointi kwa bahasha. Huyo mkwepe. Mwambie mwanao mapema kwamba unakuja, usimvizie. Angalia anapolala, ujue mwenye nyumba ni nani, uwasalimie hao wawili wanaopanga naye na uchukue namba zao za simu, maana siku akiumwa malaria wao ndio watakaokupigia. Kisha pitieni pamoja ofisi ya aparitora, ndiko wanakoandika nani ameandikishwa na nani bado. Nendeni asubuhi, mkiwa na risiti zote na namba yake ya matrikile, ile ya mwanafunzi, kwa sababu wenye jina kama lake wanaweza kuwa watatu kwenye orodha.