Unataka kupima galaksi za kwenye kundi? Anza na anga, alafu majirani

Wadogo zangu mnaosoma fizikia mmeniuliza sana hili swali, hasa mnaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho na hamna darubini: inawezekana kupima umbo na mng'ao wa galaksi ukiwa hapa Dodoma na laptopu tu? Inawezekana kabisa. Mimi nimefanya nikiwa chumbani Ng'ong'ona, bando la usiku, laptopu ya RAM GB 4 na picha za bure za SDSS, yaani survei ya kupiga picha anga kwa darubini. Fremu yao moja, yaani picha moja, ina pikseli 2048 kwa 1489 na faili lake ni MB chache tu, kwa hiyo bando sio kikwazo. Kikwazo kiko kwingine, kwenye mwanga wa anga na wa galaksi jirani, na kilinila miezi ndo maana naandika.

Tuanze na umbo maana hapa wengi wanaandika vitu visivyo. Galaksi za duaradufu mwanaastronomia Hubble alizipanga mwaka 1926 kuanzia E0 ya mviringo mpaka E7 iliyobapa sana. Unagawa upana kwa urefu, jibu unalitoa kwenye moja, unazidisha kwa kumi, basi. Sasa kuna usiku umeme ulikatika, mpwa wangu alikuwa ameshika tunda la mbuyu bado halijapasuliwa, nikamwambia hebu lilete hapa. Tukawasha tochi ya simu, kivuli kikaenda ukutani, tukakipima kwa rula yake ya shule: sentimita 15 kwa 9. Tisa kwa kumi na tano ni 0.6, kwa hiyo 0.4, yaani E4. Alafu akaligeuza kikonyo kikaelekea ukutani na kivuli kikawa duara kabisa. "Shangazi, sasa si imekuwa E0?" Ndo hivo hasa. Picha ya galaksi ni kile kivuli, na hakuna anayeweza kuzunguka akaitazame kwa upande mwingine, kwa hiyo ukipata E0 usiandike kwamba galaksi ni tufe. Galaksi moja haikwambii umbo lake halisi, ila ukipima nyingi zilizogeukia kila upande hapo ndo unaanza kuona zipo za namna gani, na ndo uzuri wa kufanyia kazi kwenye kundi la galaksi maana zote ziko umbali karibu sawa na zimejaa.

Kupima kwenyewe ni kama zile kontua za mlima kwenye ramani za jiografia, isipokuwa hapa kila mstari unapita kwenye mng'ao sawa. Mi natumia photutils, programu ya bure ya lugha ya Python ya kupima picha za anga. Unaipa kitovu na makadirio ya ubapa, yenyewe inachora duaradufu kutoka katikati kwenda nje, kila moja kubwa kwa asilimia 10 kuliko iliyotangulia, na kila moja inakupa mng'ao, ubapa na mwelekeo wa mhimili. Pikseli chache za katikati usiziamini sana, hewa yetu ya dunia inazitawanya na kuzifanya ziwe mviringo kuliko ukweli.

Sasa anga. Usiku hauna giza kamili hata kwenye vituo vizuri vya darubini, anga lenyewe linang'aa kama magnitudi 22 (kipimo cha mng'ao) kwa kila sekunde mraba ya tao, yaani kipande kidogo sana cha anga. Pembezoni mwa galaksi wewe unatafuta kitu cha magnitudi 26. Magnitudi namba ikipanda mwanga unapungua, na tofauti ya 4 ni kama mara 40, yaani anga lina mwanga mara 40 kuliko hicho unachokitafuta! Ukikosea anga kwa asilimia 1 tu umeshakosea ukingo wa galaksi kwa asilimia 40. Ukitoa anga kidogo mno galaksi inavimba, nusukipenyo kinachobeba nusu ya mwanga kinakuwa kikubwa ajabu, na ukilitoa kupita kiasi galaksi inakatika ghafla kama imepigwa panga. Picha nyingi za survei zinakuja anga limeshatolewa na programu, na programu inaweza ikatoa na mwanga wa galaksi kubwa ikidhani ni anga, kwa hiyo hakikisha mwenyewe. Mi naweka viboksi kama kumi mbali na galaksi, nachukua midiani (thamani ya katikati) ya kila kimoja na sio wastani maana vinyota vidogo vinavuta wastani juu, alafu naangalia viboksi vinatofautiana kiasi gani. Hiyo tofauti naiongeza kwenye anga napima galaksi upya, naipunguza napima tena. Majibu yakirukaruka, andika hivo hivo kwenye ripoti.

La pili ni majirani, na hili liliniuma. Nilikuwa kwenye kundi la Coma, kama miaka ya nuru milioni 320 kutoka hapa, napima galaksi ndogo karibu na NGC 4874 ambayo ni moja ya majitu mawili ya pale katikati, lingine ni NGC 4889. Duaradufu zangu za nje zikawa zinapinda taratibu kuelekea lile jitu na ubapa unapanda. Nilifurahi sana, nikajua nimeona galaksi inavutwa na jirani yake, nikaandika kurasa sita. Mwalimu aliyenisimamia akaangalia grafu kwa dakika moja akaniuliza, "Mwanga wa huyo mkubwa umeutoa?" Sikuwa nimeutoa. Nikarudi nikatengeneza modeli ya jitu, nikaitoa kwenye picha, nikapima ndogo upya, nikaitoa ndogo kwenye picha ya mwanzo, nikapima jitu tena, mizunguko mitatu hivi mpaka namba zikatulia. Kupinda kote kukaisha. Kurasa sita nikafuta. Fanya huo mzunguko kabla hujaandika chochote, na nyota zilizo mbele ya galaksi zifunike vizuri, usibane, maana mwanga wa nyota unaenda mbali kuliko jicho linavyoona.

Ukishafika hapo fomula za kuelezea mng'ao unavyoshuka kutoka katikati ni kazi nyepesi. Kanuni ya de Vaucouleurs ya 1948 inasema mng'ao unashuka kwa kufuata mzizi wa nne wa umbali kutoka katikati, na ya Sérsic inaiachia hiyo namba ya mzizi iwe huru: ikiwa 4 unarudi kwa de Vaucouleurs, zile ndogo mara nyingi ziko chini yake na majitu yanapita juu.

Msianze na galaksi ya M87 ya kundi la Virgo jamani, najua ni maarufu, ila iko karibu mno, kama miaka ya nuru milioni 54, inajaza fremu mpaka unakosa pa kupimia anga. Anzeni na galaksi ya kawaida ya Coma iliyokaa mbali kidogo na katikati. Na mkitaka kujua iko wapi, mwishoni mwa Mei saa tatu usiku tokeni nje mtazame kaskazini, kati ya nyota ya Arcturus na nyota ya mkia wa kundinyota la Simba, chini kidogo. Kwa macho hamtaona galaksi hata moja, lakini mpwa wangu kila mwaka ananikumbusha twende tukapaangalie.