Nijisumbue na Nusu Marathoni kwa Sababu Gani?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi hukimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki kwa ajili ya afya tu, wala sina haja ya kushindana na mtu. Wenzangu kazini wamejiandikisha kukimbia nusu marathoni miezi mitatu ijayo, na kila siku wananibana niungane nao. Afya ninayo, medali siihitaji, na nimesikia kwamba mbio ndefu huharibu magoti. Je, ipo sababu ya maana ya kujitesa kiasi hicho? – Msomaji wa miaka 43

JIBU: Ndugu msomaji, sababu ipo, ingawa huenda siyo ile wanayokutajia wenzako. Kwanza nikupe haki yako: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi makali, na kwa mbio zako hizo tatu huna deni. Anayekuambia kwamba afya huanzia kilomita 21 anakutania.

Hata hivyo, umbali huu, ambao kwa hesabu kamili ni kilomita 21.0975, una sifa ya pekee. Mtu mwenye afya anaweza kukimbia kilomita 10 kwa ubishi tu, bila maandalizi yoyote, akafika mwisho akihema. Marathoni kamili nayo hudai muda mwingi wa mazoezi, na wakimbiaji wengi huishiwa na akiba ya sukari iliyo katika misuli na ini karibu na kilomita ya 30, kisha misuli iliyoumia huhitaji wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Nusu marathoni haikubali ubishi, lakini pia haikunyang'anyi familia na kazi: vipindi vitatu au vinne kwa wiki, kimoja kikiwa kirefu, kwa wiki 10 hadi 14, vinamtosha mtu ambaye tayari anakimbia kama wewe. Kwa maoni yangu faida yenyewe imo katika wiki hizo, na ningekushauri ujiandikishe kwa ajili yake hata kama siku ya mbio mvua itawarudisha nyote nyumbani.

Mkimbiaji asiye na tarehe mbele yake hubaki na kilomita zake 5 zilezile, kwa kasi ileile, mwaka baada ya mwaka, na mwili ukishazoea mzigo haubadiliki tena. Umbali unapoongezwa polepole, moyo huanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vimishipa vidogo huongezeka ndani ya misuli, na uwezo wa misuli wa kutumia mafuta kama nishati hupanda. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huletwa na mwendo wa taratibu, ule unaokuwezesha kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi. Hapa ndipo watu wazima wengi huharibu, kwa sababu wanaona aibu kupitwa njiani, na hivyo kila mazoezi yao yanageuka mashindano.

Kuhusu magoti, tafiti hazionyeshi kwamba wanaokimbia kwa kujifurahisha huugua baridi yabisi ya magoti kuliko wasiokimbia. Kinachoumiza ni haraka. Mapafu na moyo huzoea ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo kipindi cha hatari ni kile ambacho unajiona umeshapata nguvu, kwa mfano wiki ya tano, ukashawishika kuongeza kilomita nyingi kwa mkupuo. Uchovu wa misuli ya mapaja ni jambo la kawaida. Lakini ukipata maumivu ya ugoko yaliyokaa mahali pamoja, kiasi kwamba unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, acha kukimbia na umwone daktari, kwa maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Vilevile, ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, au umewahi kubanwa na kifua ukiwa mazoezini, daktari awe wa kwanza na usajili uje baadaye.

Siku ya mbio nayo ina lake la kukufundisha. Karibu na kilomita ya 16 mabega hupanda kuelekea masikioni, hatua zinafupika, na akili inaanza kutafuta visingizio vya kuridhisha vya kutembea. Aliyeanza kwa pupa hulipa deni hapo, huku aliyejizuia katika kilomita 5 za mwanzo akiwapita watu ambao asubuhi walimwacha mbali. Kujijua utakavyokuwa katika kilomita hizo tano za mwisho, kwangu mimi, kunazidi medali.

SWALI LA NYONGEZA: Msomaji huyohuyo anauliza: Je, ni lazima nimalize kilomita 21 mazoezini kabla ya siku yenyewe?

JIBU: La. Ukifikisha kilomita 16 hadi 18 katika mbio yako ndefu kuliko zote, takriban wiki mbili au tatu kabla ya siku hiyo, inatosha. Baada ya hapo punguza umbali, usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa, lala vya kutosha, na usivae viatu vipya wala kula chakula ambacho hujawahi kukila kabla ya kukimbia.