Mzio wa nikeli na kofia za meno: kwa anayeanza kliniki

Usimuulize mgonjwa kama ana mzio wa chuma. Wengi watasema hapana, maana hawajawahi kuuita hivyo. Uliza kama masikio yake huwasha na kutoa majimaji akivaa hereni za bei rahisi, kama kifungo cha jinzi humtoa vipele chini ya kitovu, kama saa ya mkanda wa chuma humwasha mkononi. Akikubali hata moja, usichague bado kofia ya kufunika jino lake.

Kofia ya porseleni juu ya chuma huonekana nyeupe, lakini ndani ina ganda jembamba la aloi, yaani mchanganyiko wa metali. Ikiwa ni aloi ya nikeli na kromi, nikeli mara nyingi huzidi asilimia 60. Wengi hukimbilia kobalti na kromi wakidhani wameyamaliza, kumbe kobalti nayo huleta mzio, na si ajabu mtu mmoja akaathiriwa na nikeli na kobalti zote mbili. Hata neno "dhahabu" halitoshi: aloi nyingi za dhahabu za kubeba porseleni zina paladiamu, metali nyingine nyeupe, na mwili uliokwisha kuikataa nikeli mara nyingi huikataa paladiamu pia.

Mpeleke kwa daktari wa ngozi apimwe kwa vibandiko mgongoni. Hukaa saa 48, mgongo usiloane. Husomwa vikitolewa, kisha tena siku ya 3 au ya 4, na kwa dhahabu na paladiamu hadi siku ya 7, kwa sababu metali hizi huchelewa kujitokeza. Wanaokosea hapa ni wale wanaosoma mara moja tu. Mwambie daktari huyo kama mgonjwa anameza prednisoloni (dawa ya steroidi), kwani huweza kuficha jibu.

Jibu likiwa chanya, bado halithibitishi kwamba kofia ndiyo mkosaji. Fizi nyekundu kuzunguka kofia moja mara nyingi husababishwa na ukingo uliozama mno chini ya fizi, simenti iliyobaki, au pengo linaloshika chakula. Pitisha probu (kijiti cha kupima kina cha fizi) kuzunguka jino lote na upige eksirei kabla ya kumlaumu nikeli. Mstari wa kijivu kwenye fizi ni kivuli cha chuma tu. Kinachopaswa kukushtua ni shavu au ulimi kuwa mwekundu au kuwa na michirizi myeupe kama wavu pale pale panapogusa chuma. Michirizi hiyo isipoondoka baada ya chuma kutolewa, chukua kinyama kipimwe.

Unapoikata kofia ya zamani, funga shuka la mpira kuzunguka jino, tumia maji mengi, na weka mashine ya kufyonza karibu na bari (kekee ya kukatia). Vumbi la nikeli si la kuvuta, kwako wala kwake.

Kofia mpya iwe ya kauri isiyo na chuma. Kwa magego, zirkonia imara ya 3Y (yenye yttria asilimia 3 ya moli) inatosha, na sehemu ya kutafunia iachiwe takriban milimita 1. Ing'arishwe vizuri, maana ikiwa na mikwaruzo husaga jino linaloikabili. Meno ya mbele hupendeza zaidi kwa disilikati ya lithiamu, kauri ya aina ya kioo, ila inataka nafasi kubwa kidogo, karibu milimita 1.5 kwenye ncha. Zirkonia ikishaguswa na mate, usiisafishe kwa asidi ya fosforiki: fosfeti hukalia mahali ambapo praima (kimiminika cha kusaidia simenti kushika) ingeshika. Ipulizie alumina ya mikroni 50 kwa shinikizo dogo, ndipo upake praima yenye MDP, kemikali inayoshikamana na zirkonia.

Simenti za resini nazo zina methakrilati, na wapo wenye mzio wake. Kwa hao, gego lililobaki na urefu wa milimita 4 na kuta zisizolala sana hushikwa vizuri na simenti ya glasi ayonoma ya kawaida, isiyo na resini.

Kwenye fomu ya maabara usiandike "isiyo na chuma" pekee. Andika jina la bidhaa, na urudishiwe namba ya bechi. Ikibidi kutumia aloi, dai karatasi ya asilimia. Kwa ISO 22674, kiwango cha kimataifa cha metali za meno, mtengenezaji hutakiwa kutaja nikeli ikizidi asilimia 0.1. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine apewe mgonjwa.