Kinanda kinawaka, programu inakataa: nilivyoacha kutafuta mchawi kwenye MIDI

Saa saba usiku, wimbo umenikaa kichwani, nafungua programu ya kurekodi, nakutana na ujumbe kwamba kifaa cha MIDI (lugha ambayo kinanda hutumia kuzungumza na kompyuta) hakiwezi kufunguliwa. Kinanda chenyewe taa zote zinawaka. Nikachomoa nikachomeka. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikafuta draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa), nikapakua nyingine, nikaiweka, nikazima tena. Ilipofika saa tisa wimbo ulishanitoka na nimebaki na hasira zangu tu.

Kumbe mchawi nilikuwa mimi. Mchana ule nilikuwa nimefungua ukurasa wa mazoezi ya piano kwenye kivinjari, na ulipoomba ruhusa ya kutumia MIDI nikakubali bila hata kusoma. Kwenye Windows, kwa miaka mingi, vifaa vingi vya MIDI vimekuwa vikihudumia programu moja tu kwa wakati mmoja: aliyewahi ndiye mwenye kifaa, wengine wanarudishwa mlangoni. Na kivinjari changu nimekipangia kifungue kurasa zote za jana kila ninapokiwasha, nami kila baada ya kuwasha kompyuta nilikuwa nakimbilia kivinjari kutafuta dawa. Yaani nilikuwa namfungulia mwizi mlango kwa mkono wangu, mara tatu usiku mmoja. Nilipofunga ule ukurasa, kinanda kikaitika papo hapo.

Tangu siku hiyo sianzi na draiva. Nauliza swali moja: ujumbe umefia wapi? MIDI haibebi sauti, na wanaoanza wengi hapo ndipo wanapopotea. Inabeba taarifa tu: umebonyeza noti namba fulani kati ya 0 na 127, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani kati ya 16, kisha umeachia. Taarifa hiyo inatoka kidoleni, inapita kwenye waya, inafika kwa kompyuta, inaingia kwenye programu, inafika kwenye traki (mstari wa kurekodia ala moja), na mwisho inakipa kazi chombo kinachotoa sauti. Popote kwenye njia hiyo panaweza kukatika, na ukijua ni wapi, kazi iliyobaki ni ndogo.

Waya kwanza, hata kama unaona ni jambo la kitoto. Kuna waya za USB zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji peke yake. Ndani hazina nyuzi za kupitisha data. Kinanda kitawaka vizuri kabisa, na kompyuta haitajua kama kipo. Taa ni ushahidi wa umeme tu. Chukua waya unaojua kwamba umewahi kuhamisha mafaili, na uuchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kile kigawanyio chenye matundu manne kinachogombaniwa na panya, diski na chaja ya simu. Kama unatumia zile plagi za duara zenye pini tano, kumbuka kwamba OUT ya kifaa kimoja inakwenda IN ya kingine. Kuna adapta za USB ambazo maandishi yake yanakuelekeza tundu la kuchomeka, na nyingine yanataja kazi ya plagi yenyewe. Usibishane nazo. Geuza, jaribu.

Waya ukiwa mzima, angalia kama kompyuta yenyewe inakiona kifaa, kabla hujagusa programu ya muziki. Windows utaangalia kwenye Device Manager, Mac kwenye Audio MIDI Setup. Kisipoonekana huko, usihangaike na mipangilio ya programu, tatizo liko nyuma yake. Kwenye Windows washa pia chaguo la kuonyesha vifaa vilivyofichwa: unaweza kukuta kinanda kimoja kimeandikwa mara tano, kwa sababu ulikuwa unakihamisha kutoka tundu hili la USB kwenda lile. Mizimu hiyo ifute. Mimi sasa kinanda changu kina tundu lake, na hakuna kingine kinachochomekwa hapo.

Kikionekana kwenye kompyuta na programu bado haikitambui, funga programu, washa kinanda, ndipo ufungue programu. Programu nyingi huhesabu vifaa zinapofunguka tu, kwa hiyo anayechelewa hahesabiwi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya MIDI uhakikishe kifaa kimeruhusiwa kama njia ya kuingizia. Programu ya kurekodi ya Reaper inataka ukiruhusu kwenye orodha yake ya vifaa. Nyingine, Ableton Live, ina alama tofauti za Track, Sync na Remote, na mtu akiwasha Remote peke yake atashangaa kwa nini vitufe vinazungusha vidhibiti vya skrini lakini noti hazirekodiki.

Kipimo cha traki kikicheza unapobonyeza halafu husikii kitu, furahi. MIDI imefika salama; ulichosahau ni kuweka plagini ya ala (chombo cha ndani ya programu kinachotoa sauti), au umechagua sauti itoke kwenye spika ambazo hazipo.

Noti zikisikika mara mbili, kinanda kinapiga sauti yake na programu inakurudishia ileile. Zima Local Control kwenye kinanda, yaani mpangilio unaofanya vitufe vyake vipige sauti yake chenyewe. Noti ikigoma kunyamaza, tafuta kitufe cha Panic, kinachonyamazisha noti zote. Pedali ya kurefusha sauti ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inavutika ukiwa umeachia, mara nyingi uliikanyaga wakati kinanda kinawaka, nacho kikadhani hapo ndipo mahali pake pa kupumzikia. Zima, toa mguu, washa.

Na kuchelewa kwa sauti watu wanamsingizia MIDI bure. Hata kwenye ile kasi ya mwaka 1983 MIDI ilipoanza, biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe wa noti moja unapita chini kidogo ya milisekunde moja. Anayekuchelewesha kwa kawaida ni bafa ya sauti, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa: sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024 kwenye kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23, na hapo kidole kinaanza kuhisi. Shusha hadi 128, utakuwa karibu na milisekunde 3. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 256 na uendelee na kazi.

Ukishindwa kote huko, beba kinanda na waya wake ukakichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ndani ya dakika mbili utajua kama unapaswa kukilaumu kinanda au kompyuta yako. Mimi ile saa saba ya usiku nilikuwa na kompyuta ya pili mezani, imefungwa, nimeiwekea kikombe juu.