Maswali ya Wasomaji: Imani ni jina la kike au la kiume?

SWALI: Mimi na mke wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza mwezi ujao, na tulipokwenda kliniki hatukutaka kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume. Tumekubaliana aitwe Imani, vyovyote atakavyokuwa. Mama mkwe anasema Imani ni jina la kike na kwamba akizaliwa mvulana tutamtia aibu. Kaka yangu naye anawajua akina Imani wawili, wote wanaume. Nani yuko sahihi? (Baba Mtarajiwa, Dodoma)

JIBU: Ndugu Baba Mtarajiwa, mama mkwe wako na kaka yako wote wako sahihi kuhusu akina Imani wanaowafahamu, na hakuna kati yao aliye sahihi kuhusu jina lenyewe. Imani ni nomino ya kawaida ya Kiswahili, na lugha yetu haina desturi ya kuzigawa nomino kwa kike na kiume. Ukiandika “Imani amefika”, kile kiambishi a- hakimwambii msomaji kama aliyefika ni Me au Ke. Kiarabu, ambako neno hilo limetoka, kinauliza jinsi karibu kila hatua, na ndiyo maana majina mengi tuliyoyapokea huko yamekuja mawili mawili, Jamil na Jamila, Rashid na Rashida, Karim na Karima. Hata hivyo, jina linalotokana na neno tunalolitumia kila siku, kama vile Imani, Baraka, Bahati, Riziki, Zawadi au Tumaini, halibebi alama ya aina hiyo kwa mzungumzaji wa Kiswahili, na kinacholipeleka upande mmoja ni mazoea ya mahali tu.

Mazoea hayo yana nguvu, lakini hayana mizizi mirefu kama watu wanavyodhani. Tazama jina la Bahati: Tanzania inamjua Bahati Bukuku, mwimbaji wa kike wa nyimbo za Injili, na Kenya inamjua Bahati, mwimbaji wa kiume, wala sijasikia mtu akilalamika kwamba mmojawapo amechukua jina lisilo lake. Jina la Baraka leo wengi wetu tunalihesabu kuwa la kiume, nalo ndilo lililozaa jina la Barack la rais wa zamani wa Marekani. Lakini Ummu Ayman, mwanamke aliyemlea Mtume Muhammad tangu utotoni, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Baraka. Mtu akikuambia kwamba jina fulani “siku zote” limekuwa la wanaume, muulize siku hizo zinaanzia wapi.

Hii haina maana kwamba Waafrika wote huyaacha majina wazi. Pwani yetu yenyewe, mvulana wa Ijumaa ni Juma na msichana ni Mwajuma, na hiyo mwa- ni mabaki ya Mwana, neno la heshima kwa mwanamke, lilelile tulionalo katika jina la Mwana Kupona aliyetunga utendi wake mwaka 1858. (Inachekesha kidogo kwamba mwana huyohuyo, akiandikwa kwa herufi ndogo, ni mtoto wa jinsi yoyote.) Waghana wa jamii ya Akan nao humwita mvulana wa Ijumaa Kofi na msichana Afua. Kwa Waluo, herufi moja ya mwanzo inatosha, kwani aliyezaliwa jua likiwaka ni Ochieng akiwa wa kiume na Achieng akiwa wa kike. Kwa Wakalenjin kazi hiyo hufanywa na Kip- na Chep-. Ukivuka kwenda Rwanda na Burundi hali inageuka: huko jina mara nyingi ni sentensi nzima inayomhusu Mungu kuliko mtoto, kama Iradukunda, yaani “Anatupenda”, au Niyonsaba, “Ndiye ninayemwomba”, na sentensi ya namna hiyo humfaa yeyote. Francine Niyonsaba, mwanariadha wa Burundi aliyepata medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ana wanaume wengi anaoshirikiana nao jina hilo.

Labda hofu ya mama mkwe si aibu, bali ni mkanganyiko shuleni, hospitalini na ofisini. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ina dawa ya zamani. Masinga huwapa watoto majina ambayo kwa sehemu kubwa hayachagui jinsi, kama Gurpreet, Harjit na Joginder, kisha mwanamume huongezewa Singh na mwanamke Kaur, na jambo limekwisha. Joginder Singh, “Simba wa Kenya”, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara tatu, angeweza kuwa na dada aitwaye Joginder Kaur bila mtu kushangaa. Sisi tuna bin na binti, maneno mawili mafupi ambayo vijana wengi wameyaacha kwa kuyaona ya kizee, ingawa “Imani binti Salehe” hahitaji maelezo zaidi. Na hata mkiyaacha, cheti cha kuzaliwa kina sehemu yake ya jinsi, kwa hiyo serikali yetu haihitaji kulikagua jina ili iijue jinsi ya mtoto.

Nchi nyingine zilikuwa zikilikagua. Nchini Ujerumani maofisa wa usajili waliwahi kukataa kumwandikisha msichana kwa jina la Kiran peke yake, jina la Kihindi lenye maana ya mwale wa mwanga, kwa sababu halikuonyesha jinsi. Mwezi Desemba 2008 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba hakuna sheria inayotaka jina la kwanza litaje jinsi ya mtu. Kule Iceland, msichana aliyeitwa Blær, yaani upepo mwanana, alikataliwa jina lake kwa kuwa neno hilo katika sarufi ya kwao ni la kiume. Nyaraka za serikali zikawa zinamtaja kama Stúlka, maana yake “msichana”, hadi mahakama ya Reykjavik ilipompa haki yake mapema mwaka 2013. Miaka sita baadaye sheria ikaondoa kabisa mgawanyo wa majina kwa jinsi. Kwa maoni yangu si sadfa kwamba mabishano hayo yalizuka katika lugha ambazo sarufi yake hugawa kila nomino kwa jinsi. Mwiteni Imani.

SWALI: Tunaishi Columbus, Ohio, tukitokea Bukavu. Mwanangu wa kiume mwenye miaka 7 anaitwa Amani, na kila mwaka shule huanza kwa kumwandika kwenye orodha ya wasichana. Mwalimu wake mpya alisema kwa upole kwamba Amani na Imani ni majina ya kike. Amepata wapi hilo? (Mama Amani, Marekani)

JIBU: Mama Amani, mwalimu huyo amelipata kwa majirani zake, naye hajadanganya. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa, inayoanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na kila siku kati ya hizo saba akaipa neno la Kiswahili. Ya tano ni Nia na ya mwisho ni Imani. Familia za Wamarekani weusi ziliyapenda maneno hayo zikawapa watoto, hasa wa kike, hata Nia, ambalo kwetu ni nadra kulisikia likiwa jina la mtu, likawa jina la kawaida la msichana.

Kuhusu Amani kuna jambo la pili, nalo ni zuri kulifahamu. Waarabu wana jina la kike Amani, lakini hilo ni wingi wa neno lenye maana ya matamanio au matumaini, na si dada wa amani yetu, iliyotokana na neno jingine la Kiarabu lenye maana ya usalama. Majina mawili yenye asili mbili yamekutana katika tahajia moja. Mwanao hakupewa jina la kike. Amekutana njiani na wasichana wanaofanana naye kwa herufi. Mwandikie mwalimu sentensi mbili za kumweleza hivyo, na kwenye fomu jaza pia jina lake la pili. Muhimu zaidi, mwambie Amani mwenyewe maana ya jina lake kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto anayeweza kulieleza jina lake hachokozeki kirahisi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mke wangu ana mapacha, wa kike na wa kiume. Wazee wanataka Kulwa na Doto. Je, Kulwa lazima awe mvulana? (Msomaji wa Shinyanga)

JIBU: Marahaba. La, si lazima. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi majina hayo hufuata mpangilio wa kuzaliwa, si jinsi: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Baganda ndio wanaotenganisha, kwani kwao mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, ingawa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Kizza, awe wa kike au wa kiume.

Wayoruba wa Nigeria wanafanana nanyi zaidi, kwa sababu Taiwo na Kehinde nao ni wa jinsi yoyote. Kuna tofauti moja tu inayonifurahisha: Taiwo, maana yake aliyetangulia kuionja dunia, huhesabiwa kuwa mdogo, kwa sababu Kehinde ndiye mkubwa aliyemtuma mbele akaangalie kama mahali panafaa. Msimwambie Doto wenu habari hii mapema.

Mwombeni mkunga awaambie nani ametangulia. Wazazi wa mapacha wanaofanana humfunga mmoja uzi mkononi wasije wakawachanganya. Ninyi uzi hamtauhitaji.