Mwembamba Mwenye Lehemu

Mimi ni mwembamba, na nyama kwangu ni ya Idi na ya harusi. Majibu ya damu yaliposoma lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, 7.4, badala ya chini ya 5.2, nikamwambia dada wa maabara kachanganya vichupa. Tukarudia. 7.3.

Ngamiani nzima ikampata mshitakiwa: nazi. Na Tanga umwambie mtu aache tui! Nikala samaki wa ndimu na mihogo ya chumvi miezi mitatu. Nikapima: 6.6. Nusura nilie.

Daktari akanieleza kwamba lehemu nyingi mwilini haitoki sahanini. Tunaitengeneza wenyewe, na ini ni kiwanda kikubwa. Humo mna kimeng'enya kinachoitwa HMG-CoA ridakitesi, ndicho kinachopanga kasi ya kazi. Ini hilohilo lina milango ya kuzoa mafuta mabaya, LDL, kutoka kwenye damu. Mafuta ya nazi huipunguza milango hiyo, kwa hiyo tui halikusingiziwa. Ila wapo waliozaliwa na milango michache. Akaniuliza habari za baba. Baba alianguka ghafla akiwa na miaka 48, na sisi miaka yote tukasema husda.

Nikaandikiwa simvastatini. Hukibana kile kimeng'enya, ini likipungukiwa linafungua milango zaidi na kuvuta LDL. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata dawa ya kwanza ya jamii hii, kwenye ukungu, miaka ya 1970. Yangu humezwa usiku, maana ndipo ini linapochapa kazi zaidi.

Sasa kosa langu. Nilipofika 4.6 nikaacha, najiona nimepona. Hii si dozi ya malaria, ndugu yangu. Baada ya miezi minne nilikuwa nimerudi kulekule. Ukitaka kuacha au kupunguza, mwone daktari kwanza.

Na balungi je? Msimu ule niliyala kila siku, hadi mapaja yakaniuma kama niliyeendesha baiskeli mpaka Pangani. Balungi huzuia kimeng'enya kingine, cha utumboni, kinachoivunja dawa, nayo ikajaa mwilini. Ukiumwa misuli hivyo, usingoje kliniki ijayo. Machungwa yetu ya Muheza hayana neno.

Mwanangu mkubwa ana miaka 26, mwembamba kama mimi. Jumatatu nampeleka akatolewe damu, na nimemkanya asibishane na watu wa maabara.